Historia ya Ugonjwa wa Mchungaji Shikanga

Kwenye mazishi ya upande huu wa Kakamega, mahubiri unaweza kuyafupisha, na hata wanasiasa unaweza kuwanyima maikrofoni ukiwa na ujasiri. Historia ya ugonjwa huwezi kuiruka. Aliyemuuguza marehemu husimama kando ya jeneza, aeleze ugonjwa ulianzaje, nani alikuwepo, na roho ilitoka vipi. Hapo watu hutulia kuliko wanavyotulia kwenye maombi, kwa sababu hapo ndipo wanapoamua nani wa kulaumiwa.

Siku hiyo zamu ilikuwa ya Milcah, kitinda mimba wa Mchungaji Shikanga. Alikaa chini ya hema kando ya mama yake, Ayuma, ratiba imemlowa jasho mkononi. Kaka yake Protus ndiye aliyeichapisha, na humo aliandika kwamba mzee "alipumzika kwa amani." Uongo mtupu. Majirani waliusoma wakaguna, maana walikuwa wamesikia mlango ukigongwa asubuhi nzima.

Waliotangulia walimsifu marehemu, na safari hii, ajabu, sifa zenyewe zilikuwa za kweli. Mchungaji mwenzake alikumbuka jinsi Shikanga alivyokataa parokia nono ya mjini kwa kuwa haikuwa na msitu karibu. Protus alisimulia zile Jumamosi baba alipofunga ofisi ya kanisa, akawachukua mkewe na watoto wote wanne, wakazama msituni na viazi vya kuchemsha kwenye mfuko hadi jua lizame. Alipostaafu, alitangaza madhabahuni kwamba sasa kila siku ni Jumamosi. Waombolezaji walicheka. Milcah alitamani wacheke mpaka jioni, zamu yake isifike.

Maana miaka miwili baadaye akili ya mzee ilianza kumtoka. Alihubiria kuku. Akatoka na pajama kwenda msituni, na njia ya kwenda aliijua vizuri, ya kurudi ndiyo iliyompotea. Mara ya tatu alitafutwa siku mbili, akapatikana amekaa kwenye matope bila viatu, midomo imepasuka kwa kiu. Mara zote hizo Ayuma ndiye aliyemfungulia mlango, kwa kuwa katika miaka hamsini ya ndoa hakuwahi kujua kumkatalia. Basi Milcah akanunua kufuli.

Jumanne ile, akienda soko la Lubao, alimwachia mama ufunguo, huenda nyumba ikashika moto, nani ajuaye. Akamwonya kwa ukali ambao mtoto hapaswi kumsemesha nao mzazi: "Usimfungulie hata akilia. Akipotea tena, ni juu yako."

Aliporudi alasiri, alimkuta mama kwenye kigoda nje ya chumba, ufunguo ameufumbata. Ndani, mzee alikuwa sakafuni nyuma ya mlango, ameshapoa. Tangu siku hiyo Ayuma hakuwa ametamka neno.

"Lakini si bibi yake alikuwa hapo tu?" mwanamke mmoja alinong'ona nyuma yao. "Alikuwa anafanya nini?"

Milcah alisikia, na hasira ikampanda. Aliwajua watu hawa. Wangemtafuna mama yake kwa miaka yote iliyombakia, sokoni, kisimani, hadi kwenye viti vya kanisa. Akaamua papo hapo kwamba kama lazima mtu atafunwe leo, watamtafuna yeye.

"Milcah, njoo utuambie ugonjwa," mwongoza ratiba akaita.

Alisimama. Alieleza yote, kuku na matope, hakuficha. Kisha akavuta pumzi.

"Jumanne nilimfungia Baba na kufuli. Nikaenda Lubao na ufunguo. Mama hangeweza kumfungulia. Baba akigonga hapa, mimi nilikuwa sokoni nakunywa chai na rafiki yangu. Kama mnatafuta mtu, ni mimi."

Protus akawapungia mkono waimbaji, nao wakadaka wimbo wa haraka, kama kawaida msemaji anapoharibu mambo. Milcah alikwishageuka kurudi kitini alipomwona mama yake akishika bega la jirani, akiinuka.

"Nyamazeni," Ayuma alisema.

Wimbo ukafa, sauti moja baada ya nyingine.

"Huyu mtoto ananificha. Ufunguo ilikuwa kwangu." Sauti yake ilikwaruza kwa kukaa kimya siku nyingi. "Mzee aligonga, aligonga. Halafu akawacha kugonga, akaongea polepole vile alikuwanga anaongea zamani. Akasema, 'Ayuma, nifungulie kidogo tu, hewa imeisha.'"

Alimtazama Milcah, bila hasira hata chembe.

"Nikamwambia, Milcah amekataa."