Mchanga Usioonja Mvua

Kwa siku kumi na moja Moinaecha aliamka kabla ya jirani zake, akachukua kitambaa kikavu na kwenda kufuta ukuta. Kila alfajiri weupe ulitokea upya kwenye lipu ya nyumba mpya, laini kama unga wa muhogo. Akiufuta, unaondoka. Kesho yake unarudi, tena umepanda kidole kimoja juu ya ulipokuwa jana. Siku ya kumi na mbili kipande cha lipu chenye ukubwa wa sinia kilimwangukia miguuni, na siku hiyo hiyo boti ya Mutsamudu ikamleta mumewe.

Nyumba ilikuwa ya Hakima, binti yao wa kwanza. Moroni baba hujenga, binti humiliki, na mkwe huingia siku ya harusi akiwa na nguo zake tu. Mdahoma, mumewe, alikwenda Mutsamudu, kisiwa cha jirani, mwaka 1954 kuwa karani wa mizigo bandarini, kwa ajili ya nyumba hiyo, na siku ya kuondoka alisema jambo moja: paa likifunikwa, narudi. Sasa ulikuwa mwaka 1961. Kuta zilikuwa zimesimama na paa bado. Alikuja mara mbili kwa mwaka, siku kumi kila mara. Muda uliobaki zilikuja barua.

"Wewe umeolewa na posta," Koulthoum, mkuu wa kikundi cha akina mama cha mtaa, alipenda kumtania. "Na posta haina mikono, mwenzangu."

Moinaecha alicheka na wenzake. Usemi ule ulimkaa kifuani siku nyingi.

Kosa la ukuta alilijua. Mchanga wa bahari una chumvi, na chumvi hula lipu, kisha hula nondo. Ngazidja, kisiwa chao, haina mto hata mmoja. Maji ni ya mvua, yanahifadhiwa birikani, na hakuna mwenye akili anayeoshea mchanga maji ya kunywa. Kwa hiyo mchanga wa kujengea hurundikwa uwanjani, unyeshewe msimu mzima, ugeuzwe kwa koleo, unyeshewe tena. Mdahoma alikuwa ameurundika wake, pakacha mia mbili, ukanyeshewa msimu mzima kama alivyoagiza.

Mwezi mmoja kabla ya fundi kuanza, wazee wa Badjanani, mtaa wao, walikuja kuomba mchanga ulio tayari. Baraza la msikiti wa mtaa lilikuwa limebomoka na Ramadhani ilikaribia. Ombi la namna hiyo halikataliwi. Ni heshima kuombwa. Wiki ile ile Koulthoum aliwaongoza akina mama ufukweni, wakarudi wakiimba na mapakacha kichwani. Mia mbili zilitoka, mia mbili zikarudi. Rundo lilikuwa na ukubwa ule ule, mahali pale pale, ila lilikuwa limetoka baharini siku hiyo.

Fundi Sounhadj alichota mchanga kidogo, akausugua kiganjani.

"Huu umenyeshewa, Mama Hakima?"

"Hesabu yake ni ile ile, fundi."

"Hesabu sikuuliza." Alimtazama kidogo, kisha akakung'uta mikono. "Haya. Nyumba ni yenu."

Akaanza kujenga.

Asubuhi ya pili ya likizo, Mdahoma aliingia nyumba mpya peke yake. Moinaecha alimfuata na kikombe cha chai, akasimama mlangoni. Mumewe alikuwa akigonga ukuta kwa kifundo cha kidole, hatua kwa hatua, kama mtu anayekagua mapipa. Mahali fulani ukuta ulijibu kwa sauti tupu. Akabandua kipande, akakilamba.

"Huu si mchanga wangu," alisema.

Moinaecha alimweleza yote: wazee, baraza, akina mama, pakacha mia mbili. Alieleza bila kupunguza. Mdahoma alisikiliza hadi mwisho, kikombe kikipoa mkononi mwa mkewe.

"Mbona hukuniandikia?"

"Ungesema tusubiri mvua nyingine."

"Ningesema hivyo."

"Ndiyo maana sikuandika, Baba Hakima. Mvua nyingine ni mwaka mwingine. Nilikwisha kuhesabu sita."

Hakugomba. Angegomba, huenda ingekuwa rahisi zaidi kwa Moinaecha. Alizunguka vyumba vyote vitatu, akarudi na hukumu yake: mawe hayana kosa, lipu yote ibanduliwe, viungo vikwanguliwe na kujazwa upya, boriti za zege juu ya milango zivunjwe, maana nondo zimo ndani na kutu haionekani mpaka siku ya kuanguka.

"Na mchanga?" aliuliza Moinaecha. "Tusubiri mvua?"

"Mutsamudu kuna mto. Mchanga wake haujui chumvi. Boti zinazokuja huku haziji zimejaa, na manahodha wananijua." Alitoa mfukoni karatasi iliyokunjwa mara nne, akaigeuza upande usioandikwa, akaanza kupiga hesabu ya magunia kwa penseli. Upande wa pili ulikuwa na mistari michache ya Kifaransa, ambacho Moinaecha hakukisoma. Yeye alisoma herufi za Kiarabu tu.

"Karatasi gani hiyo?"

Penseli ilisimama.

"Ilikuwa barua ya kuacha kazi," alisema. "Nilitaka kuituma kutoka hapa." Kisha akaandika: magunia mia tatu na ishirini. "Manahodha wananijua nikiwa karani. Nikiacha kazi, hawanijui."

Alirudi Mutsamudu siku ya tisa, kwa sababu ya kumi haikuwa na boti.

Magunia ya kwanza, kumi na manne, yalifika baada ya wiki tatu. Wachukuzi waliyapitisha katika vichochoro vya Badjanani, na mtaa mzima ukatoka kutazama.

"Mdahoma anatuletea mchanga!" alipaza sauti mzee Assoumani kutoka dukani kwake. "Watu tuliozungukwa na mchanga! Mwambieni safari ijayo atuletee na bahari!"

Watu wakacheka. Koulthoum hakucheka. Alimsaidia Moinaecha kusogeza gunia la mwisho ndani, akalitazama. Akaenda zake.

Moinaecha alifungua gunia moja kwa kisu. Mchanga ulikuwa bado na unyevunyevu, mzito, wenye vijiwe vya mviringo. Mdahoma alikuwa ameandika kwamba anauchota mwenyewe kila Ijumaa, upande wa juu wa mahali wanapofulia nguo, maji yakimfika magotini. Moinaecha hakuwa amewahi kuona mto. Aliujua kama alivyoijua theluji, kwa kuambiwa.

Alichovya kidole, akaonja. Hakukuwa na chumvi hata chembe. Kulikuwa na ladha ya udongo, na ubaridi.

Akaonja tena.