Komeo la Ndani

Tangu binti, mjukuu wa bibi, arudi kutoka ng'ambo, mlango wowote ukifungwa alitokwa na jasho, mtu mzima wa miaka thelathini. Hata chooni aliacha wazi, akiimba kwa sauti ili watu wajue kuna mtu.

"Mke mwenzangu, tumeshakuona kote," bibi alimwambia. "Bakiza kidogo."

Bibi alicheka, lakini yalimchoma. Wazazi walipofariki, mtoto akiwa na miaka sita, bibi ndiye aliyetia dole gumba kwenye karatasi za kumtoa, wageni wakamwasili awe mtoto wao, wakaondoka naye. Huko, kila akikojoa kitandani, mama mlezi alimfungia kabatini.

Sasa binti alitengeneza vikaragosi vya kuvaa mkononi, kwa magazeti na gundi ya unga. Mkubwa wao alikuwa Madamu, mama mlezi mwenyewe: pua ya kiazi, nywele za ufagio wa bibi, makalio ya mto mzima.

"Kweli alikuwa hivi?"

"Nimempunguza, bibi."

Jumamosi angewachezea watoto wa mtaa. Jukwaa lilikuwa kabati kuukuu la bibi, limetobolewa dirisha kwa juu. Mchezaji aingie ndani, afunge mlango. Ukibaki wazi watoto wanaona mkono, uhondo umekwisha. Binti alijaribu siku nne. Kila mara alichomoka kama kaumwa na siafu.

Siku yenyewe fundi seremala alileta komeo, akaanza kulipigilia kwa nje. Binti alipoliona akaganda. Madamu akamponyoka mkononi. Uani watoto walishaanza kupiga makofi.

"Bibi, waambie warudi kwao."

Bibi akamgeukia fundi. "We baba, ng'oa hilo. Tia kwa ndani."

"Kwa ndani? Tangu lini kabati likajifunga lenyewe?"

"Tangu leo. Mara ya kwanza nilitia dole nikanyamaza. Sinyamazi tena. Ng'oa!"

Fundi akang'oa huku akinung'unika. Binti akaligusa komeo, akalisukuma, akalirudisha, mara tatu. Kisha akaingia. Komeo likalia ka! Bibi akatega sikio mlangoni.

Ghafla Madamu akachomoza, akafoka, akageuka aondoke, makalio yakakwama dirishani. Watoto wakagaagaa kwa kicheko.

Mchezo ukaisha, watoto wakaenda, binti hakutoka. Bibi akagonga. "Mke mwenzangu, umekufa?"

"Nimekaa tu, bibi. Nitafungua nikitaka."

Jioni ile mlango wa choo ulifungwa. Bibi, kabanwa kwelikweli, akasubiri nje akimtukana kwa furaha.