Ndoo ya Kitambaa Chekundu

Zahanati ya mtaa wetu haina maji. Mjamzito huenda kujifungua na nguo za mtoto, wembe na ndoo yake. Bomba la zahanati lilizinduliwa nikiwa darasa la nne. Tuliimba juani, utepe ukakatwa, maji yakatoka mpaka magari ya wageni yalipoondoka. Wengine wamesahau. Mimi sisahau. Bomba kubwa linapita chini ya nyayo zetu kwenda kumwagilia maua ya mtaa wa juu.

Ndipo tukajitungia sheria pale kioski cha maji: ndoo yenye kitambaa chekundu kwenye mshikio ni ya mzazi, ipite mbele bila maneno. Sheria nzuri, lakini kiu haina adabu. Haukupita muda wajanja wakaanza kufunga vitambaa, hata bibi mmoja ambaye meno yenyewe yalishamuaga.

Siku hiyo fundi viatu alikuja mbio na ndoo ya kitambaa. Jana yake tu alikuwa amepishwa.

"Fundi, jana si ulipewa?" alifoka mama muuza mkaa, aliyekuwa mbele. "Mkeo anazaa kila kukicha kama kuku anayetaga?"

"Mama yangu, uchungu umekawia. Maji ya jana yamekwisha. Nawaomba, jamani."

"Kila mtu anaomba hivyo hivyo. Panga foleni, baba. Hata ungekuwa na mimba wewe mwenyewe, leo ungepanga."

Kicheko kikapasuka. Fundi aliita huyu shemeji, yule dada. Kila mmoja akageukia ndoo yake. Akaenda mwisho wa foleni, akasimama akitafuna kidole. Bomba lilidondosha maji kama linayahesabu.

Hatujasogea sana, mkunga akatokea, ameinua mikono juu. Damu ilikuwa imemkaukia mpaka viwikoni.

"Nani kamshikilia mume wa mgonjwa wangu? Mtoto katoka. Kondo la nyuma liligoma, damu inamwagika, nikaingiza mikono hii hii. Glavu hatuna. Nilishika beseni la choo la wagonjwa asubuhi, nikajifuta kwa kitambaa tu. Ningefanyaje, jamani? Ningemwacha afe?"

Hakuna aliyecheka tena. Mama muuza mkaa alibeba ndoo yake mwenyewe akakimbia nayo, maji yakimrukia miguuni. Lakini maji hayawezi kurudi nyuma kunawisha mikono iliyokwisha ingia.

Homa ilimpanda mke wa fundi, mama wa watu, ikakataa kushuka. Kichanga kikabaki kinalilia titi lililopoa.

Siku ya kumwosha marehemu, ndoo zilijaa ukumbini kwa fundi mpaka mlangoni, na hakuna aliyekumbuka foleni. Mama muuza mkaa alileta tatu, kisha akaketi chini, uso kaufunika kwa mikono. Fundi, mtoto begani, alizitazama zote.

"Maji yote haya," akauliza polepole, "yalikuwa wapi?"

Watu wakainamisha vichwa, kana kwamba wezi ni sisi.

Fundi, ndugu yangu, nakujibu mimi: yalikuwa yanamwagilia maua.