Nukta ya Kumi na Nne

Odessa Pruitt alikuwa na akili nyingi mno, ndiyo maana shahada moja haikumtosha. Wenzake pale chuoni Cleveland, Marekani, walikuwa hoi kwa udaktari peke yake. Yeye akabeba na shahada ya afya ya jamii papo hapo. Kijitabu cha chuo kiliahidi kwamba hizo mbili zinakamilishana. Kweli kabisa: moja ilimnyima usingizi, nyingine ikamnyima chakula.

Ijumaa hiyo, saa saba mchana, alitakiwa kuwasilisha bango lake la utafiti mbele ya Profesa Lindqvist. Akikosa, shahada ya pili kwaheri. Saa sita na nusu bado alikuwa wodini, bango limekunjwa kwapani, na daktari mkuu ndiyo kwanza anamtupia mgonjwa wa mwisho.

"Bi Tibbs, pumu, mara ya tatu tangu Septemba," daktari mkuu alisema, mguu mmoja tayari uko mlangoni. "Mwongezee dawa, aende zake nyumbani. Na usimpigie mhadhara."

Bi Lorraine Tibbs, mama wa miaka sitini na ushee, alikuwa amekaa kitandani akihema.

"Nyumbani ndiko kunakoniua, mwanangu. Ukuta mzima umeota ukungu mweusi. Nikimwambia mwenye nyumba, ananijibu eti nifungue dirisha. Cleveland hii, Januari, theluji tupu!" Akaliona bango. "Na hiyo nini, ramani?"

Odessa akalikunjua kwa fahari. Kila nyumba yenye ukungu na nukta yake nyekundu. Majina hakuna, siri za watu zinalindwa.

Bi Tibbs akaweka kidole. "Huu si mtaa wetu? Na hii si nyumba yangu? Aa! Kumbe ni wewe! Ulikuja na barakoa yako na kile kimashine, ukapima ukuta wa chumbani, ukaniachia kalamu ya zawadi!"

Nukta ya kumi na nne. Odessa aliikumbuka vizuri sana, maana ukungu wake ulikuwa umependezesha jedwali zima. Lakini Bi Tibbs mwenyewe, Odessa hakumkumbuka hata sura.

"Sasa mbona hukumwambia mtu?"

"Tulikuwa... tunasubiri idadi itoshe. Nyumba arobaini."

"Ala! Miezi minne naingia na kutoka hapa nakohoa, kumbe nasubiri wenzangu watimie?"

Odessa aliona aibu, akatamani ardhi ipasuke immeze. Haikupasuka. Saa saba kasoro dakika tano akavuta kiti, akachukua karatasi, akaanza kumwandikia barua mkaguzi wa nyumba wa jiji.

Simu ikatetemeka. Alikuwa Profesa Lindqvist: "Mada yako ni Kuwafikia Wakazi. Uko wapi? Tunakusubiri."

"Nimemfikia mmoja," akajibu, akaizima.

Bi Tibbs akanyoosha shingo asome. "Weka jina langu. La mwenye nyumba liandike kwa herufi kubwa. Na safari hii, mwanangu, usimfichie mtu siri."