Mtaa Ambao King'ora Chake Hakikulia

Nubia Villamizar aliirithi programu ya kompyuta inayoendesha ving'ora vya mafuriko katika mji wetu wa mtoni. Waliomtangulia waliijenga harakaharaka: kila mtaa ulipoongezwa, walinakili maandishi ya mtaa mwingine, wakabadilisha majina, basi. Kanuni moja ya kina cha maji, inayoamua king'ora kilie lini, ikatapakaa kila pembe, kila nakala na viraka vyake.

"Bosi, nipe muda niiandike kanuni hii mara moja tu, mahali pamoja, mitaa yote iifuate," alimwomba Gildardo, mkuu wetu.

"Kwani ving'ora havilii?"

"Vinalia."

"Basi viache. Ukilikoroga utalinywa mwenyewe."

Mwaka huo mchanga ulijaa mtoni, maji yakawa yanafurika upesi, ikaamuliwa ving'ora vilie mapema zaidi. Nubia akaisaka kanuni ile, akairekebisha kila alipoiona. Ya mtaa wa La Playita hakuiona. Aliyeinakili aliipa jina jingine kabisa.

Mvua ya Aprili ilipopasua milima, ving'ora vya mji mzima vililia adhuhuri ile. Nubia akatega sikio upande wa La Playita. Kimya. Akampigia simu mzee don Arístides wa mtaa huo, fundi magitaa, baba yake wa ubatizo.

"Baba, toka! Maji yanakuja!"

"Aa, mwanangu, hivyo ni vya wenzetu wa juu. Chetu hakijalia." Akacheka. "Na mwenye king'ora si wewe? Kingekuwa na neno, kingesema."

"Kimeharibika, baba! Nakusihi, toka!"

"Haya, haya. Ngoja nimtoe mama yako kwanza, yuko jikoni."

Mkewe, doña Odilia, walimkuta juu ya paa la jirani, hai. Mumewe alikuwa amemsukuma juu. Yeye walimpata siku ya pili, chini ya daraja.

Baada ya mazishi Gildardo alimpa Nubia muda wote autakao, bila kumtazama usoni. Nubia akaiandika kanuni upya, mahali pamoja. Kisha akaenda kwa mjane akamweleza yote, bila kuficha.

"Kwa hiyo mlijua kuwa ni mbovu?" Odilia aliuliza.

"Tulijua, mama."

Odilia hakumtukana. Alimmiminia kahawa, akaiweka mezani, akaingia chumbani na kufunga mlango. Nubia alikaa pale mpaka ikapoa. Akainywa yote, akaosha kikombe, akaondoka.