Mawe Kumi na Moja

Jumanne asubuhi Domitila alipiga pasi gauni lake la kanisani, akashona mawe kumi na moja ya mto Yakima ndani ya upindo wake. Mumewe, Eleuterio, alimshika kifundo cha mguu ili asipae. Alikuwa akimshika hivyo tangu Februari, barua ya uhamiaji ilipofika. Kule kiwandani wanakopanga matufaha, shoga zake walimfunga kwenye mguu wa meza, na kazi ikaendelea.

Domitila alikuwa raia wa Marekani. Eleuterio hakuwa na karatasi za ukaazi. Ili abaki, daktari wa saikolojia alitakiwa aandike kwamba mumewe akiondolewa, mke ataumia kupita kiasi. Kuumia kwa kawaida hakuhesabiwi. Wakili alimwonya Domitila asijipambe, aende vile vile alivyo.

"Vile vile vipi?" alimwuliza mumewe garini. "Nikaning'inie mbele ya watu? Marehemu mama angerudi anizabe kofi."

"Mwambie ukweli tu, Domi."

"Nitamwambia. Ila nitakuwa nimekaa."

Ndivyo tulivyolelewa bondeni kwetu: kwa daktari huendi na nguo za jikoni, wala mikono mitupu. Alibeba tamale kumi na mbili, mikate ya mahindi iliyofungwa kwa maganda.

Daktari Lindgren aliuliza kama analala. Analala, Mungu anasaidia. Anakula? Anakula, na daktari naye ajaribu hizi, bado za moto. Daktari aliandika na kujisomea kwa sauti ndogo: nadhifu, mtulivu, anatabasamu. Eleuterio, kwenye kiti cha pembeni, alisikia kila neno. Alichomoa mkasi wake wa kupogolea, akapiga goti, akaukata upindo.

Mawe yalidondoka zuliani. Domitila alipaa taratibu mpaka mgongo ukagusa dari, gauni amelibana magotini.

"Umeniaibisha, Eleuterio," alisema kutoka juu.

"Nimekuaibisha, ndiyo. Daktari, andika."

Daktari alipanda kitini na futi ya kupimia. "Na pasipo na dari?"

"Machi nilimtoa kwenye nyaya za simu."

Hilo nalo liliandikwa. Ripoti ilifika kurasa kumi na nne, na sisi majirani tulianza kupumua.

Jibu lilikuja Septemba, matufaha yakiwa yameiva. Ofisi ya uhamiaji haikukanusha kwamba Domitila hupaa. Ilisema wake wengi hupaa wakitenganishwa na waume zao, na kwamba huyu, kwa maelezo ya daktari mwenyewe, anamudu: alifika nadhifu, ameketi, kwa mawe kumi na moja tu. Eleuterio alipewa siku thelathini. Niliisoma barua ile mara mbili kwa hasira, na mara ya pili haikubadilika.

Eleuterio aliacha kuchuma matufaha. Kila siku alishuka mtoni na ndoo, akachagua mawe kwa kuyapima mkononi. Siku ya mwisho aliketi kizingitini, mguu wa mkewe ameubana katikati ya magoti, akaushona upindo mwenyewe.

"Vuta uzi," Domitila alimwelekeza. "Usilegeze."

Yalikuwa mawe arobaini na matatu. Eleuterio alipiga fundo, akakata uzi kwa meno, kisha akafungua magoti taratibu, kujaribu. Domitila alibaki chini.

"Umeona?" alisema. "Namudu."