Bundi Wawili

Mfamasia hakuwa mtu wa kupenda ovyo. Mapenzi yake yaliishia kwa mdogo wake wa kiume, aliyemlea tangu mama yao afariki, na kwa sarafu zake za fedha za Wagiriki wa kale. Aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya mji wa Athene. Upande mmoja Athena, mungu wa kike wa mji huo, kavaa kofia ya vita, upande wa pili bundi katoa macho kama mtu aliyefumaniwa.

“Watu wanafukuza bundi, dada, wewe unafuga,” mdogo wake alizoea kumtania. Alikuwa fundi wa meno ya bandia, na kazi yake ilisifiwa. Mwaka jana aliiomba hiyo sarafu akaitengenezee kiboksi cha kioo. Kiboksi kilitoka kizuri, na dada mtu akamshukuru mpaka machozi yakamlengalenga.

Jumamosi moja mwalimu mstaafu, mkusanyaji mwenzake, alimwita aje kuona sarafu yake mpya. Akafunua kitambaa. Bundi, mguu mmoja umekatwa na ukingo, na ufa mwembamba umepanda hadi kwenye jani la mzeituni.

Mfamasia aliujua ufa ule; bundi wake wa nyumbani alikuwa nao vile vile. Sarafu zile ziligongwa kwa nyundo, moja moja. Hakuna mbili zilizopasuka sawasawa. Akaishika. Kingo zake zilikuwa kali. Ile ya nyumbani siku hizi ilikuwa laini vidoleni, naye alidhani ni uzee wa vidole vyake mwenyewe. Kumbe ile ilikuwa nakala, imemiminwa kwenye kalibu kama jino la bandia.

“Umeipata kwa nani?”

“Kwa mdogo wako. Si ulimtuma wewe?”

“Nilimtuma,” akasema. “Nimesahau tu.”

Kumsitiri kulimuuma kuliko wizi wenyewe. Akaenda moja kwa moja kwenye karakana ya mdogo wake. Yule bwana hakukana.

“Nilibanwa, dada. Halafu fikiria, mwaka mzima unaitazama kila jioni, na raha yako ni ile ile. Nimekupunguzia nini?”

Mfamasia alitaka kumzaba kofi, kama enzi za utotoni. Badala yake akanyoosha mkono.

“Nipe ufunguo wa nyumba yangu.”

Mdogo wake akacheka, akidhani anataniwa. Kisha akaona mkono haushuki, akaanza kuuchomoa ufunguo kati ya zile nyingine, taratibu, huku akimwita dada, dada.